Kulinda moto ndani ya friji: msimu wangu wa kwanza kwenye meli zilizolala Erie

Mimi ni mtu wa Mwanza, meli nimezizoea toka mtoto, na kuchomelea nimeanza na miaka 19 pale Igogo kwenye mageti na madirisha, baadae nikawa napata vibarua bandarini Mwanza Kusini, kule kwenye chelezo. Kwa hiyo nilipofika Marekani 2017 na kuishia kiwanda cha plastiki zamu ya usiku, moyoni nilikuwa najisemea mimi fundi wa meli bana, hapa napita tu. Nikapita miaka minne na nusu. Ndio jamaa yangu mmoja, Mkongo wa Uvira tunayesali naye, akanipigia mwezi wa kumi na mbili akasema, "Mukubwa, kule ku bateau wanatafuta watu ya soudure, mimi niko na ingia Lundi." Yani kwenye meli wanatafuta wachomeleaji, na yeye anaanza Jumatatu. Sikumuuliza hata mshahara.

Mji wenyewe unaitwa Erie, uko Pennsylvania kwenye ziwa lenye jina hilohilo. Kwa ambao hamjui, haya maziwa makuu ya kwao ni matano, Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, na zile meli zao kubwa haziendi baharini kabisa. Sio kwamba hazitaki, hazipiti. Mfereji wa Welland unaokwepa maporomoko ya Niagara mwisho wake ni meli ya futi 740, na wao wana meli 13 za futi elfu moja na zaidi, kwa hiyo hizo zimezaliwa ziwani na zitazeekea ziwani kama Liemba yetu pale Kigoma. Futi elfu ni kama mita 305. Ile MV Mwanza mpya tuliyoipigia makofi ina mita 92, ziweke tatu kwa mstari na bado hazijaifikia. Siku ya kwanza nimesimama gatini natazama kushoto naona chuma, natazama kulia naona chuma, nikajua ni ukuta wa yadi, kumbe ndio meli yenyewe.

Sasa kwanini kazi iwe wakati wa baridi. Pale Sault Ste. Marie kuna milango ya maji inayopandisha na kushusha meli kati ya Superior na maziwa ya chini, wanaiita Soo Locks, na kila mwaka tarehe 15 Januari inafungwa mpaka 25 Machi. Barafu inakuwa imeshika, na wao wenyewe wanataka wakarabati ile milango. Meli haina pa kwenda. Mabaharia wanarudi kwao, maji yanatolewa kwenye mabomba yasije yakaganda yakapasua, umeme unavutwa kutoka nchi kavu, anabaki mlinzi na sisi mafundi. Wiki kumi. Kila kilichobonyea, kilicholika, kilichopasuka toka Machi mwaka jana kinatakiwa kikatwe kiwekwe kipya ndani ya hizo wiki kumi, maana tarehe ya kufunguliwa milango iko palepale na mwenye meli anataka awe wa kwanza kwenye foleni. Usiombe ukutane na foremani mwezi wa tatu.

Niseme na hili la maji baridi, namaanisha maji yasiyo na chumvi, maana wengi wanashangaa meli za huko zinavyozeeka vizuri. Kuna meli ya 1952, Arthur M. Anderson, ndio ilikuwa nyuma ya Edmund Fitzgerald usiku ule wa 10 Novemba 1975 ilipozama na watu 29, na baada ya hapo imepiga kazi miaka mingi sana. Liemba ni ya 1913. Chumvi ndio inakula meli, ziwa linakula polepole sana. Kinachoziumiza hizi ni mzigo wenyewe, tani zaidi ya elfu 60 za madini ya chuma kwa safari moja, yanamwagwa kutoka juu, halafu kuta za milango ya Soo zinazikwangua ubavuni, halafu barafu. Pleti, yani bamba la chuma, ya chini ya tumbo inabonyea mpaka inakuwa kama sufuria ya mama lishe.

Hayo madini wanayasaga wanayafinyanga vidude vya duara vidogo wanavichoma, wanaviita taconite. Ni gololi kabisa. Meli imeshafagiliwa imeoshwa na bado gololi ziko kila kona, kwenye ngazi, chini ya mikanda, ndani ya buti lako, na ukikanyaga tatu kwa pamoja juu ya chuma chenye barafu unakwenda chini kabla hujataja jina la Mungu. Mimi nilianguka mara mbili siku ya kwanza. Mkongo wangu mara nne lakini atabisha.

Baridi. Haya tuongelee baridi maana najua ndio mlikuwa mnaisubiri. Mimi nilikuwa najiona mzoefu, nilikuwepo ile Krismasi ya 2017 Erie theluji iliposhuka inchi 34 siku moja, na kesho yake ikaongeza mpaka kwa siku mbili ikapita inchi 60, gari letu lilipotea tukalitafuta kwa fimbo ya ufagio. Lakini baridi ya mtaani na baridi ya ndani ya chuma ni vitu viwili. Mtaani kuna jua hata kama ni la uongo. Ndani ya tumbo la meli chuma kimekaa kwenye nyuzi tisa chini ya sifuri wiki nzima, hakipati joto, na wewe unakikalia, unakilalia, unakipigia magoti. Asubuhi nje unaona kuna nafuu, unashuka ndani ndio unakuta friji. Tunaingia giza tunatoka giza, jua nilikuwa naliona Jumapili.

Siku ya kwanza nilivaa kama mtu anayeogopa baridi. Suruali mbili za jinzi, fulana tatu za pamba, sweta, soksi pea tatu mpaka mguu ukawa umebanwa kwenye buti lenye chuma mbele. Mpaka saa nne nimebeba mitungi na nyaya juu chini nimelowa jasho, saa tano tumeambiwa tukae tusubiri mtu wa kupima hewa, na ile pamba yote iliyolowa ikaanza kugeuka barafu mgongoni. Nilitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana nasikia kwenye helmeti. Pamba ikilowa haikauki, na buti likibana damu haifiki vidoleni. Ukisema basi ununue zile nguo za michezo za nailoni zinazokausha jasho, sawa, lakini cheche ya grenda ikitua inayeyuka inagandia kwenye ngozi, kuna kijana nilimuona ana alama hiyo mkononi kama muhuri. Kinachobaki ni sufu, ile ya manyoya ya kondoo. Sufu ndani, juu yake ovaroli ya kuzuia moto, soksi pea moja nene, buti namba moja zaidi lenye ncha isiyo ya chuma, na soksi nyingine kavu kwenye begi za kubadilisha mchana. Hayo alinifundisha mzee mmoja wa Kimarekani ambaye mimi namuita Babu, na nilivyomueleza maana yake alifurahi sana akawa anajiita mwenyewe hivyo kwenye redio. Alikuwa ana misimu zaidi ya thelathini kwenye hizo meli. Alinikuta kwenye kontena la kupashia joto nimekumbatia hita akanishika koti akalipapasa akatikisa kichwa, kesho yake akaniletea fulana mbili za sufu za zamani zina viraka. Ninazo mpaka leo.

Chakula nacho. Ugali uliganda. Sio kupoa, kuganda, ulikuwa unaweza kuujengea. Nikahamia uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na nilikuwa nakunywa saa nne na saa nane, na nawaambia hakuna dawa ya baridi kama ile.

Lakini sio baridi niliyotaka kuandika hapa.

Mimi nilikwenda kule kama fundi. Nimefanya jaribio la kuchomelea, nimepita, nimesaini. Jumatatu foremani ananipa mtungi wa kuzimia moto, blanketi zito la kuzuia cheche, redio, na kiti. Kiti! Ananiambia wewe wiki hizi utakuwa faya wochi. Yani mlinzi wa moto. Mtu anachomelea upande huu wa ukuta, wewe umekaa upande wa pili unaangalia ukuta. Fundi wa miaka kumi na kitu, mtu mzima mwenye watoto watatu, nimekaa gizani natazama chuma kinavyobadilika rangi. Nilimpigia simu mke wangu wakati wa breki nikamwambia nimefanywa mlinzi wa usiku mchana. Yeye alicheka akasema si unalipwa? Nikakata.

Nilichokuwa sikijui ni jinsi hizi meli zilivyo ndani. Hizi zinajishusha mzigo zenyewe, hazihitaji kreni ya bandari. Chini ya matumbo yote kuna shimo refu kama handaki la mgodi, toka mbele mpaka nyuma, na humo ndani umepita mkanda wa raba. Vilango vinafunguka chini ya tumbo, gololi zinaangukia kwenye mkanda, mkanda unazipeleka mpaka nyuma, zinapandishwa juu, zinatokea kwenye mkono mrefu wa futi 250 kama shingo ya twiga unaozimwaga gatini. Ni kitu kizuri sana kukitazama kikifanya kazi. Ila kikiwa kimelala ni raba, mamia ya mita ya raba kavu, imekaa kwenye shimo lenye upepo, yenye grisi kila kwenye rola, na juu yake na pembeni yake watu wanakata chuma kwa gesi. Chuma kilichokatwa kinadondosha matone mekundu. Tone halizimiki kwa sababu kuna baridi. Linaingia mahali linakaa, linajitafutia.

Na ujue mabomba ya zimamoto ya meli nayo yametolewa maji yasipasuke. Wakati mwingine wowote meli ikishika moto kuna mabaharia ishirini na kitu humo ndani na pampu inawaka. Majira ya baridi kuna mzee mmoja anayezunguka na tochi.

Haya nilikuja kuyaelewa katikati ya Februari.

Siku hiyo walikuwa wanakata breketi, vile vyuma vya kushikilia ukuta, ndani ya tanki la balasti, lile la maji ya kuipa meli uzito, na upande wa pili wa ule ukuta ni hilo shimo la mkanda, mimi ndio nimekaa humo. Tanki lenyewe asubuhi lilishapimwa hewa, maana kutu peke yake inakula oksijeni, tanki likifungwa miezi linaweza kuwa halina harufu yoyote halina kitu na bado ukiingia unaanguka, wao hawakuruhusu mtu chini ya asilimia 19.5 ya oksijeni. Na hosi za gesi lazima zitoke nje wakati wa chakula, hata kama unarudi baada ya dakika ishirini. Hayo nilikuwa nayafata. Walimaliza kukata kama saa kumi jioni. Sheria inasema faya wochi anabaki nusu saa baada ya moto wa mwisho kuzimwa. Nusu saa kamili. Nikakaa. Nikatazama. Hakuna moshi, blanketi limetulia juu ya mkanda, chuma kimerudi rangi yake. Dakika kumi hivi vidole vya miguu nilikuwa sivisikii, nilikuwa navipiga chini kama navipigia mlango, vinasikika lakini sivisikii mimi. Nikasema hapa hakuna kitu. Nikapanda.

Ngazi ile ni ndefu, ukifika juu unahema. Naingia kwenye kontena, Babu yupo anakunywa kahawa, akaangalia saa ukutani, akaniangalia mimi, akauliza wamemaliza kukata saa ngapi. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia. Hakusema neno, akaweka kikombe akachukua tochi akatoka, mimi nyuma.

Harufu tuliikuta kabla hatujafika chini. Wale waliokulia Mwanza mtaa wa mafundi wa matairi wanaijua harufu hiyo, raba inapoanza kuwaza kuungua. Tone moja lilikuwa limepita pembeni ya blanketi, likaingia kwenye upenyo kati ya rola na fremu ambako kulikuwa na kipande cha ubao na uchafu wa grisi, ubao unafuka, na ukingo wa mkanda umeanza kung'aa mahali kama kiganja cha mtoto. Hakuna mwali. Moshi kidogo tu unakwenda nyuma na ule upepo wa shimoni, yani hata ningebaki nimekaa palepale kwenye kiti huenda ningechelewa kuuona maana ulikuwa unanikimbia. Nilipiga mtungi, nikamwaga na ndoo ya maji, Babu akafunua blanketi lote akakagua na mkono bila glavu, anapapasa chuma kama anapapasa mtoto mwenye homa. Haikumaliza dakika mbili.

Halafu akageuza ndoo akaikalia, akaniambia kaa. Tukaanza nusu saa upya.

Ndio humo aliponiuliza kama nimesikia habari za meli ya St. Clair. Sikuwa nimesikia. Februari 2019, pale Toledo, ziwa hilihili, meli imelala msimu wake, kazi za kukata na kuchomelea zimefanyika mchana, watu wameenda nyumbani, moto umekuja kuonekana usiku na ukawaka zaidi ya siku nzima. Mkanda ule. Meli ikaisha kabisa. Halafu 1 Februari 2021, yani mwaka mmoja kabla ya mimi kukaa kwenye kile kiti, meli nyingine, Roger Blough, ikiwa imelala Sturgeon Bay, Wisconsin, moto tena usiku, tena huko nyuma kwenye mikanda. Alikuwa anaongea polepole bila hasira, na mimi ningependelea anitukane. Mwisho akasema kitu kama hiki, nakitafsiri nilivyokielewa, kwamba fundi mbaya nitamuona kazi yake kesho asubuhi na nitaikata nirudie, faya wochi mbaya siwezi kumrudia.

Tuliripoti wote wawili. Foremani akaniandika, nikalala nyumbani siku mbili bila malipo, na sikuwa na la kubisha. Mkongo wangu aliniuliza kwanini sikunyamaza, si mzee alikuwa yuko tayari kunificha? Hakuwa tayari, na hata angekuwa tayari nisingenyamaza. Nilimwambia wewe unakata kwenye tanki mimi nimekaa upande wa pili, unataka mtu wa namna gani awe pale? Akafikiri. Akasema "basi mukubwa, ulifanya bien."

Niliporudi waliniuliza kama nataka kuanza kuchomelea, walikuwa na upungufu. Nilichomelea. Kuchomelea kwenye baridi nako kuna mambo yake, huwezi kupiga tu kama Igogo, chuma cha baridi kina unyevu usiouona, lazima ukipashe kwanza kwa moto mpana mpaka ukione kinatoa jasho na jasho likauke, ukipashe tena, na rodi zinakaa kwenye oveni yake unatoa chache chache kama chapati, zikikaa nje muda mrefu zinavuta unyevu na mshono unakuja kupasuka baadae wewe umeshaenda kwako. Mshono wangu wa kwanza ulikatwa. Wa pili nao. Mwalimu wangu wa Igogo angeona aibu, yeye alikuwa anajaribu rodi kwa ulimi. Lakini kila nilipowasha moto nilikuwa nauliza nani amekaa upande wa pili, na siwashi mpaka nisikie sauti yake kwenye redio. Wengine waliona nachelewesha. Kuna kijana mpya alikuwa anakaa kule na simu yake anaangalia mpira, nilishuka ngazi yote nikazunguka nikapanda nikamfata, nikamletea soksi kavu na uji, nikamwambia ukisikia miguu imekufa niite mimi nije nikae, usipande. Akaniita mara mbili siku hiyo. Nikaenda mara mbili.

Wiki za mwisho ni vurugu, masaa 12 kila siku, mabaharia wameanza kurudi na mabegi yao, wapishi wamewasha jiko na sasa meli inanuka vitunguu badala ya chuma, mainjinia wanatutazama kama wapangaji waliochelewa kuhama. Kwenye ghuba barafu imeanza kuwa ya kijivu, wale wavuvi waliokuwa wanakaa kwenye vibanda katikati ya ghuba wanatoboa barafu wanavua samaki wameshaondoa vibanda, mimi niliwatazama miezi miwili na sikuwahi kuamini kwamba mtu anatembea juu ya ziwa kwa hiari yake. Halafu asubuhi moja kamba zikafunguliwa. Honi yao ya kuaga ni milio mirefu mitatu na mifupi miwili, inapiga kifuani. Ile pleti niliyoishona ilikuwa chini ya maji upande wa kulia, kama theluthi moja kutoka mbele, nikawa naangalia pale utadhani nitaiona.

Nilifika nyumbani nikalala masaa kumi na nne. Nilichoamshwa nacho ni mke wangu amesimama mlangoni ananiuliza, baba fulani, hizi gololi kwenye mashine ya kufulia ni za nani, maana watoto wote wamekana.